Mwanangu, Umekula?

1

Mzee yule aliinua kidevu mwenyewe. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kwanza, kabla sijamwona anayemwinulia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo kikubwa cha matangazo cha duka la unga pale sokoni Same, kikapu mkononi. Ndani ya kioo mtoto wa kike alikuwa amejinyoosha juu ya vidole vya miguu, ameshika pindo la khanga, anamfuta kidevuni uji ambao haukuwepo.

"Mwanangu, umekula?" mtoto akamuuliza.

"Bado, mama," mzee akajibu, na akacheka kwa raha kama mtu anayekunwa mgongo. Kioo kikamshushia picha ya pakiti ya unga wa lishe, naye akaingia dukani kuinunua.

Nilikuwa nimemshika Nakijwa mkono. Nakijwa ni mjukuu wangu, ana miaka tisa, nakaa naye mimi. Mtoto wa kwenye kioo naye alikuwa Nakijwa, ila wa miaka sita. Alikuwa na pengo la jino la mbele. Alikuwa na kovu la chai ya moto juu ya kiwiko. Alivaa sketi ya bluu niliyoipindia upindo kwa uzi mweupe, kwa sababu wa bluu ulikuwa umeniishia siku hiyo. Ule uzi mweupe ulikuwepo kwenye kioo, na pale nilipokosea mshono mmoja palionekana vilevile.

Watu wakaanza kumtazama mtoto niliyemshika, kisha kioo, kisha mtoto. Mwenye duka akatoka na mikono yenye unga, akaniuliza kwa furaha kabisa kama huyu ndiye mwenyewe. Akasema wazee wanampenda mno, wengine wanakuja asubuhi kuulizwa tu hali zao, hata kama unga wanao nyumbani.

Kabla sijamjibu, mzee wa pili akasogea. Huyu alikuwa anatembea polepole, mkono kiunoni. Kioo kikampima kwa kumtazama, kama vioo vyote vinavyofanya siku hizi, na mtoto akapunguza sauti, akainamisha shingo upande.

"Mwanangu, umekojoa vizuri leo?"

Watu wakacheka. Unga ukaondoka kwenye kioo, ikaja chupa ya dawa ya wazee wa kiume.

Umewahi kumenya yai la kuchemsha ukakuta manyoya ndani? Ndivyo nilivyojisikia, mdomo mzima. Nakijwa alichomoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, akatangulia njia ya nyumbani. Nilimfuata bila unga.

2

Maneno yale yalikuwa ya watu wawili tu duniani.

Mjukuu huyu alipozaliwa alipewa jina la marehemu mama mkwe wangu, mama yake mume wangu Elisamia. Kwetu ukishampa mtoto jina la mtu, umempa na nafasi yake. Basi Elisamia, mzee wa miaka sabini na mitatu, akawa anamwita mtoto Mama, na mtoto alipoanza kusema akawa anamwita mzee Mwanangu. Aligomba naye kama mama kweli. Umeoga? Mbona shati halina kifungo? Elisamia alipougua tezi dume na kushindwa hata kushika kijiko vizuri, Nakijwa ndiye alikuwa anamfuta kidevu, ndiye anamuuliza kama amekula, na kama amekojoa vizuri, kwa sababu alimsikia daktari akiuliza hivyo. Mume wangu alimjibu mtoto maswali ambayo mimi mkewe alikuwa ananificha.

Miaka miwili iliyopita tulimzika kule juu mlimani, Usangi.

Nilipofika nyumbani siku ile ya kioo nilimpigia binti yangu Nanzia, mama yake Nakijwa, ambaye ni muuguzi Dodoma. Nilimweleza. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo huwa ni mbaya kuliko ukali, nani aliweka picha za mtoto mtandaoni.

Nanzia alikuwa amenikataza tangu mtoto ana wiki. Na mimi nilimtii, kwa akili yangu. Sikuweka picha hadharani hata moja. Niliziweka kwenye Kabati la ukoo, ambalo wanaingia ndugu arobaini na wawili tu, wote nawajua na wengine niliwabeba mgongoni. Siku hizi simu hazitunzi picha zenyewe. Kila kitu kiko kwenye Kabati, na simu ni dirisha tu la kuchungulia.

Na kwa nini niliweka nyingi vile? Kwa sababu ya maneno ya msibani. Mgonjwa akikufia nyumbani kwako na ndugu hawakupewa habari, watasimama matangani waseme hatukuambiwa, mama fulani alimficha ndugu yetu. Maneno hayo humfuata mwanamke mpaka kaburini kwake. Basi nikapeleka habari kila siku. Leo amekunywa uji nusu kikombe. Leo amekaa nje. Leo Nakijwa anamkata kucha. Kwa miezi kumi na nne nilipiga picha na video kama mtu anayejaza daftari la kliniki. Siku ya msiba hakuna aliyesema hakuambiwa. Nilijisifu moyoni.

"Mama," Nanzia akasema, "mlango ulifunga. Lakini nyumba ilikuwa ya nani?"

3

Ofisi ya wenye Kabati iko Moshi, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Nilikwenda na kitambulisho, cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ile sketi ya bluu kwenye mfuko wa karatasi. Mlinzi wa mlangoni, Mchaga, alisoma jina la ukoo wangu akatabasamu, akaanza ule utani wa Wapare kupenda kesi na Wachaga kupenda biashara.

"Mpare kwenye benchi la malalamiko. Kuku ndiyo ameibwa, bibi, au tayari ng'ombe ameshauzwa kwa ajili ya kesi?"

Nikamwambia kuku ameibwa na Mchaga, tumejua kwa kuwa manyoya yameshapata mnunuzi. Akacheka akaniletea maji. Nilikaa kwenye benchi lile toka saa tatu hadi saa nane. Kukaa mimi naweza.

Aliyenipokea alikuwa binti anaitwa Editha, mpole, ana kucha fupi safi. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa, hilo nalo likaniudhi.

Alinieleza kwa subira. Picha moja haitengenezi mtu. Mia hazitoshi. Zikipita elfu moja, mtambo unaanza kuona jinsi mtu anavyogeuka, anavyoshika kitu, anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Hapo picha zote zinasagwa pamoja, na kinachotoka kinaitwa pacha. Pacha anaweza kufanya hata jambo ambalo mwenyewe hajawahi kulifanya, kwa namna ambayo mwenyewe angelifanya. Wenye Kabati wanamkodisha kwa wafanyabiashara. Ndiyo maana Kabati ni la bure.

Akanionyesha mkataba. Kurasa sitini na mbili, na mwisho wake alama ya dole gumba langu. Nilikumbuka siku ile. Nilikuwa nimesoma mpaka ukurasa wa tisa, ndipo Elisamia akaomba maji.

Nikamuuliza kama wanaweza kumtoa mtoto. Akasema njia ya haraka ni kumbadilisha: wampe pua nyingine, nywele nyingine, hakuna atakayemtambua tena.

"Na maneno yake?"

"Maneno yanabaki, bibi." Akatazama meza. "Ndiyo yanayouza."

Nikauliza kumtoa kabisa. Akasema inawezekana, sheria inawalazimisha, ila mtoto hawezi kutoka peke yake. Alitafuta mfano, akauona kwenye uso wangu labda, maana alisema ni kama uji. Ukishaukoroga na kuuchemsha, huwezi kuuchomoa unga ukaacha maji. Nakijwa amesagwa pamoja na mzee, kwa sababu kila alichosema alikuwa anamwambia mzee. Kumtoa ni kumwaga sufuria nzima. Zitaondoka picha zote, za Elisamia akiwa mzima, za harusi yetu tulizozipiga upya kwa simu, na sauti yake yote. Kwa ndugu wote arobaini na wawili, maana wanachungulia sufuria hiyohiyo.

Nilikuwa nayo video moja niliyoitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Elisamia anachambua maharage. Dakika tatu. Hasemi kitu cha maana, anahesabu mawe anayoyatoa na kuyapanga kwenye ukingo wa ungo, na mwishoni anapiga chafya. Video nyingine zote ni za ugonjwa. Ile tu ndiyo mume wangu.

Editha akasema kabla sijaamua, utaratibu unamtaka anionyeshe kila nitakachokifuta. Akanipeleka chumba kidogo cheupe, kisicho na dirisha, akawasha kioo. Alitokea Nakijwa, akaniuliza kama nimekula. Nilitazama chini. Kisha kioo kikafifia, kikawaka tena, na Editha akasema kwa aibu kwamba huyu bado hajapelekwa sokoni, bado mbichi.

Elisamia alikuwa amekaa kitandani na sweta lake la kahawia.

"Mama Nanzia," akasema, "funga dirisha. Upepo huo."

Miaka arobaini na sita aliniambia hivyo, Same ni mji wa upepo. Nikainuka. Nilishafika ukutani na mkono nimeunyoosha ndipo nikakumbuka chumba hakina dirisha.

Nyuma yangu akaendelea, kwa sauti ileile, na kikohozi chake kileile cha katikati ya sentensi: "Kisha uwaambie watoto waninunulie ile dawa ya chupa ya kijani. Nimeijaribu, Mama Nanzia. Nalala vizuri."

Elisamia hakuwahi kumwomba mtu amnunulie kitu, hata kiberiti. Nilitapika kwenye ule mfuko wa karatasi, juu ya sketi.

4

Dole ni langu, kwa hiyo kisheria uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Lakini mtu hana mume peke yake. Nilimwita shemeji yangu Mbonea, mdogo wake Elisamia, aje kutoka Korogwe alikohamia ujanani. Nanzia akachukua ruhusa kazini, naye akaja.

Mbonea ana miaka sabini na moja na miguu yake imekufa ganzi kwa kisukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti. Kisha akasema hapana. Akasema kaka yake amezikwa mahali ambapo gari halifiki na yeye hawezi kupanda. "Shemeji, mimi kaburi ninaloweza kulifikia ni hilo la kwenye simu. Unataka nikamzike mara ya pili?"

Nanzia akamjibu kwamba baba mdogo, kaburi haliuzi dawa. Mbonea akakasirika, akasema watoto wa siku hizi wanajua kuzima tu. Waliendelea hivyo kwa muda, na mimi sikuwaamulia. Kila mmoja wao alikuwa ana haki, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Maharage yale yalikuwa ya Mbonea pia. Nikiyafuta, nitakuwa nimemnyang'anya mzee mgonjwa kitu chake, naye hajanikosea chochote hata apokonywe. Nisipoyafuta, kila mzee mwenye kidevu ataendelea kufutwa uji na mjukuu wangu mpaka mjukuu mwenyewe atakapokuwa bibi.

Nikawaambia tule kwanza.

Nakijwa alileta makande. Alimpa kila mtu sahani yake, akakaa kwenye kigoda pembeni, akala akiangalia chini. Zamani mtoto huyu alikuwa hawezi kukaa kabla hajawauliza watu wote kama wamekula. Hata paka alikuwa anamuuliza. Mbonea alimaliza sahani yake, akaiweka, akasubiri kuongezwa. Hakuna aliyemuuliza.

"Mama," Mbonea akanigeukia, ananiita mimi kwa heshima, "huyu mtoto ni mgonjwa?"

Nilimwambia sio mgonjwa, toka siku ya duka haulizi tena. Nanzia akamwita mtoto, akamuuliza kwa upole kwa nini. Nakijwa akainua mabega.

"Kuna yule wa dukani," akasema. "Anauliza yeye."

Akachukua sahani, akaenda kuziosha. Tukasikia maji. Mbonea alikaa na ile fimbo yake akiigeuzageuza, kama anatafuta mahali ilipopasuka.

"Nionyesheni maharage," akasema mwishowe. "Kisha twendeni Moshi."

Tuliyatazama jioni ile mara nne. Mbonea alihesabu mawe pamoja na kaka yake kwa sauti. Yalikuwa kumi na saba.

5

Waliotengeneza njia ya kufuta ni watu waliojua kabisa moyo wa binadamu ulivyo, na wakaamua kuukanyaga. Unaweka dole kwenye kioo, na ulishikilie hapohapo. Kila picha inapita mbele yako ikiondoka. Ukiinua dole hata kidogo, zote zinarudi na unaanza upya kwa kupanga miadi ya mwezi mwingine. Kwangu ingechukua dakika arobaini na tano. Editha alisema kwa sauti ndogo kwamba wengi huishia dakika ya sita.

Nanzia alitaka aweke la kwake. Kioo kilikataa, dole la mkataba ni langu.

Nikaweka. Kioo kilikuwa cha baridi. Zikaanza za zamani: Elisamia kwenye mlango wa kanisa, Elisamia na Nanzia mgongoni, mbuzi tuliyemsahau jina. Nilimsindikiza kila mmoja kwa macho kama ninavyohesabu kuku wakiingia bandani. Dakika ya kumi mkono ulianza kuwa mzito. Mbonea akaburuta kiti chake, akaweka kiganja chake chini ya kiwiko changu, akakibeba.

Zikaja za ugonjwa. Nusu kikombe cha uji. Amekaa nje. Kucha. Niliona sasa jinsi nilivyompiga picha akiwa mdomo wazi, akiwa shati limepanda tumbo, akiwa hajui. Ndugu arobaini na wawili walimwona hivyo kwa sababu mimi niliogopa maneno ya siku moja. Nilichukizwa na wenye Kabati tangu siku ya duka. Pale kwenye kioo nilichukizwa na mkono wangu mwenyewe, na ilinibidi niendelee kuubonyeza.

Dakika ya arobaini kioo kilijaa rangi ya kahawia ya lile sweta.

"Mama Nanzia," akasema. "Funga dirisha."

Nanzia nyuma yangu akaanza kulia. Nilibonyeza.

"Mama Nanzia. Unaniacha na upepo?"

Sentensi hiyo Elisamia hakuwahi kuisema. Waliitunga wao, kutoka kwenye pumzi zake. Kiwiko changu kikashuka, kiganja cha Mbonea kikapanda nacho.

"Si yeye, shemeji," akasema. "Kaka hakubembeleza mtu, angefunga mwenyewe."

Akaja Nakijwa na pindo la khanga, akaondoka mdomo ukiwa nusu wazi. Mwisho kabisa yakaja maharage. Kioo kiliyaachia yapite yote, dakika tatu nzima. Mawe kumi na saba, chafya. Kisha nikaona uso wangu kwenye kioo cheusi, na dole langu lilikuwa jeupe kama la maiti.

6

Tuliporudi Same tulipita dukani, nilitaka kuhakikisha. Nakijwa hakuwepo. Mahali pake palikuwa na msichana mwingine, nywele kafunga mkia mmoja, ameegemea mlango ndani ya kioo kwa deko na kumwambia kila mama anayepita, "Shangazi, umeniletea nini?" Mama mmoja akasimama, akatabasamu.

Mahali fulani kuna shangazi wa kweli. Nikatema mate chini mbele za watu, jambo ambalo sijalifanya maishani mwangu.

Nyumbani Nakijwa alikuwa amerudi kutoka shule, na makande yalikuwa jikoni. Nanzia akamweleza mtoto kwamba yule wa dukani hayupo tena. Nakijwa akaitikia kwa kichwa tu. Alitugawia, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kula. Nikasema moyoni, basi, tumechelewa. Tumemwaga sufuria na unga haukurudi.

Mbonea alimaliza sahani yake. Aliilaza fimbo sakafuni, akajiweka sawa kwenye kiti kama kijana anayetambulishwa ukweni.

"Mama," akasema.

Nikadhani ananiita mimi. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mama, mwanao wa mwisho nimefika. Nilichelewa, nilikuwa Korogwe."

Nakijwa alimtazama. Akanitazama mimi, kisha akamrudia yeye. Hesabu ile ilikuwa rahisi na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipiga: huyu mzee alizaliwa na mama yuleyule ambaye mtoto alipewa jina lake. Alikuwa na haki hiyo miaka yote tisa, akamwachia kaka yake.

Mtoto akainuka. Kulikuwa na ganda la haragwe kwenye ndevu za Mbonea. Akavuta pindo la khanga yangu nikiwa nimeivaa, akalifuta, akaliangalia, akalitupa.

"Mwanangu," akamwambia kwa ukali kidogo, "umekula?"

Upande wangu wa kulia nikaona mwanga mdogo. Nanzia, aliyenikataza miaka tisa, machozi yanamtoka, alikuwa ameshainyanyua simu. Sidhani kama alijua. Niliweka kiganja changu juu ya jicho la simu, kiganja chenye harufu ya kitunguu na dole lililokuwa bado na ganzi, nikakiacha hapo mpaka alipoilaza kifudifudi mezani.

"Bado, mama," Mbonea akasema.

Nakijwa akachukua sahani yake, akaenda kumwongezea.